Mzigo wa Bi Kesho

Siku nauli ilipogeuka baiskeli, Dobi hakupiga kelele. Aliizunguka mara moja, akabonyeza tandiko kwa kidole gumba, akauliza, "Hili ndilo basi?"

"Nauli ni moshi, mama," mumewe akasema. "Unapanda, unashuka, imekwisha. Baiskeli ni mali. Itatupeleka, itaturudisha, na tukirudi bado iko."

Mumewe alikuwa kinyozi. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuzungumza na watu wasioweza kutikisa kichwa, na mazoea hayo yalikuwa yamemharibu. Baiskeli yake ya zamani ilikuwa imeegemezwa ukutani, imesuguliwa ikang'aa. Hii ya pili aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, kwa pesa yote iliyokuwa ndani ya kopo la sabuni chini ya kitanda, pesa ambayo Dobi aliifulia mashuka ya nyumba ya wageni miezi na miezi, mpaka vidole vikachubuka.

Wala haikuwa nauli ya kwenda kutembea. Binti yao, mtoto wao wa pekee, aliolewa ng'ambo ya mpaka, na sasa alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika akiwa peke yake kwenye chumba cha kupanga, mume yuko safarini na lori, na Dobi alipofika alikuta yameshakwisha, binti ameketi kitandani anakunja nguo ndogo ambazo hazikuvaliwa. Siku ile Dobi alimwambia, "Mara nyingine nitakuwepo nikushike mkono. Nikikosa, usiniite mama." Maneno makubwa hayo, na Dobi si mtu wa maneno makubwa.

"Mwezi mzima umebaki," Kinyozi akasema, akapiga kengele ya baiskeli kama anatoa ushahidi. "Kwa baiskeli ni juma moja. Tutafika, tutapumzika, tutamsubiri mjukuu tumekunja nne."

Kwa siku mbili Dobi hakumsemesha. Chakula alitenga, nguo alifua, maji ya kuoga alimwekea, ila kila chombo kilitua kwa kishindo. Siku ya tatu akavaa suruali ya mumewe ndani ya sketi, akaenda kiwanja cha nyuma ya nyumba ya wageni kujifunza kuendesha. Angefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

*

Mtu mwenye akili angeondoka kimyakimya. Lakini wangeondoka kwa baiskeli, majirani wangeuliza basi limekuwaje, na Kinyozi hakuwa tayari kwa swali hilo. Kwa hiyo akatangaza kuwa ni ziara.

"Ziara ya kimataifa," aliwaambia wateja, wembe mkononi. "Watalii wanavuka dunia kwa baiskeli, na kwao wana magari. Ni afya. Ni kuona nchi za watu."

Mchora mabango, katibu wa chama chao cha waendesha baiskeli, chama chenye wanachama wawili, alimchorea kibao cha kufunga nyuma ya keria: ZIARA YA KIMATAIFA, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Katibu mwenyewe aliahidi kwenda nao. Goti lilianza kumuuma siku tarehe ya kuondoka ilipopangwa.

Dobi alikisoma kibao kile mara mbili. "Ungeandika na nauli ilikokwenda," akasema.

Kibao ndicho kilichowaponza. Mtaani kwao msafiri ni wa wote. Ukisikia mtu anavuka mpaka, unatafuta cha kumpa ampelekee nduguyo, na anayekataa mzigo wa jirani amemkataa jirani. Basi lingewakinga, maana basi hutoza mizigo. Baiskeli haitozi, na mwenye baiskeli alikuwa anatabasamu. Akaja muuza viatu na jozi moja ya kaka yake. Hiyo haikuwa neno. Akafuata mwenye nyumba, amebeba kichwa cha cherehani, zawadi ya mpwa wake.

"Cherehani?" Dobi akauliza. "Kwani huko hawauzi?"

"Za huko hazina nguvu," mwenye nyumba akasema, na mwenye nyumba akisema hazina nguvu, hazina.

Kinyozi alipokea kila kitu kwa mikono miwili. "Hiyo ni amana," alimwambia kila mmoja. "Itafika."

Jioni ya mwisho akaja Bi Kesho. Si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa maneno matamu, na kila alichoazima alisema atakirudisha kesho. Nyundo ya Kinyozi, ngazi, kamba ya kuanikia nguo, vyote vilikuwa kwake vikiisubiri kesho hiyo. Alikuja na gunia lililoshonwa mdomo kwa katani, mishono ya karibukaribu, ungedhani ndani mna nyoka.

"Zawadi ndogo ya mwanangu, ndiyo kwanza anaanza maisha," akasema. "Nimelishona ili lisiwasumbue njiani."

Dobi alilinyanyua. Lilikuwa zito, gumu katikati, limejazwa matambara pembeni. "Mna nini humu, jirani?"

"Vitu vya mama kwa mwanawe. Nawe ni mama, unajua." Akamshika bega. "Wewe unampelekea nini binti yako?"

"Mikono yangu. Ningekuwa na sufuria ya marehemu mama yangu ningembebea hiyo. Ndani yake ndimo nilimomwogesha alipozaliwa."

Bi Kesho akainamisha uso. Sufuria ile kubwa aliiazima yeye, mwaka uliopita, alipokuwa na wageni wengi, na alisema ilipotea kati ya watu. Alikuja kulia kwa Dobi mpaka Dobi ndiye akamfuta machozi. "Usinikumbushe, shoga," akasema. "Hadi leo inaniuma." Akaaga, akafika mlangoni, akakumbuka jambo. "Ule mfuniko niliouazima juzi, nitaurudisha kesho."

"Kesho tunaondoka."

"Basi mkirudi," Bi Kesho akasema, akaenda zake.

*

Watalii husema baiskeli inakuonyesha nchi. Ni kweli. Ilimwonyesha Dobi kila kilima, kimoja baada ya kingine, vilima ambavyo abiria wa basi huvipita amelala mdomo wazi. Siku ya kwanza tandiko lilimfahamisha kuwa ana mifupa mahali ambapo hakuwahi kuifikiria. Siku ya pili upepo uligeuka, ukawa wa mbele. Kinyozi aliongoza, kibao kinagongagonga nyuma yake, akitoa mafunzo bila kugeuka.

"Usikanyage kwa nguvu, mama. Kanyaga kwa akili."

"Akili niliiacha kwenye kopo la sabuni."

Gunia la Bi Kesho lilikuwa kwenye keria ya Dobi, maana cherehani ilikuwa ya Kinyozi. Kila shimo la barabara lilipomrusha, kitu kigumu kilimgonga kiuno. Kilima kikiwa kikali alishuka akasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umelishika gunia lisipinduke, na alimwombea mwana wa Bi Kesho maisha marefu kwa sauti ambayo si ya dua.

Pancha ya kwanza iliwapata mahali pasipo na nyumba. Kinyozi alikuwa na viraka tele na gundi moja, aliyoinunua mwaka chama kilipoanzishwa, nayo ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Walisukuma hadi senta iliyofuata. Fundi aliangalia mizigo kabla ya kuangalia tairi.

"Mnahama?"

"Tuko ziarani," Kinyozi akasema.

Fundi akagonga cherehani kwa kucha. "Mnashona njiani?"

Lakini tuseme haki, si kila siku ilikuwa ya machungu. Walipokosa pesa ya kulala, Kinyozi alitoa mkasi wake akawanyoa walimu wa shule moja, wakapewa darasa na mkeka. Dobi alikiri moyoni kuwa mume wake ana kazi mikononi, ila hakumwambia. Na kulikuwa na mteremko mmoja mrefu, barabara laini, haina gari, akaachia breki, upepo ukajaa kwenye sketi, na bila kupanga Dobi akacheka kwa sauti. Alikuwa hajacheka tangu siku ya kopo. Kinyozi alipomsikia aligeuka kumtazama, nusura aingie mtaroni.

Kisha mvua iliwafungia kwenye baraza la ghala siku kadhaa, na goti la Kinyozi, bila utani sasa, likavimba. Lile juma moja la maneno likawa majuma mawili na ushei. Dobi alihesabu, akajifariji kuwa muda bado upo, akahesabu tena.

*

Mpakani mabasi yalikuwa na dirisha lao. Abiria walipanga foleni, wakagongewa mihuri, wakapanda, wakaenda. Dobi na Kinyozi walitazamwa kuanzia viatu, wakaonyeshwa dirisha la mwisho. "Wafanyabiashara kule."

"Sisi ni watalii," Kinyozi akamwambia afisa wa forodha, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani puani. Akageuza baiskeli ili kibao kionekane.

Afisa akakisoma. Akaitazama cherehani. "Watalii," akarudia. "Hii cherehani ya nani?"

"Ya mpwa wa mwenye nyumba wetu."

"Na hivi viatu?"

"Vya kaka yake muuza viatu."

"Na gunia?"

"La mwana wa jirani."

"Cha kwenu hapa ni kipi?"

Kinyozi alifikiri. "Pampu," akasema.

Watu wa foleni wakaanza kusogea karibu, maana burudani ya bure haikataliwi. Afisa akabonyeza gunia. "Humu mna nini?"

"Hatujui."

"Mnavuka mpaka na mzigo msioujua."

"Ni amana, afisa. Amana haifunguliwi."

"Kwenu haifunguliwi. Hapa ndiyo kazi yangu." Akachukua kisu, akakata mishono ya Bi Kesho mmoja mmoja. Yakatoka matambara. Ukatoka mfuniko wenye kishikio cha mbao. Dobi alisogea. Kisha ikatoka sufuria, kubwa, imesuguliwa majivu ikametameta.

"Igeuze," Dobi akasema.

Afisa akaigeuza. Chini ilikuwa na kiraka cha bati kilichopigwa ribiti tatu, moja imekaa upande. Kila ribiti Dobi aliijua. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Aliyafuta machozi ya yule mwanamke kwa kanga yake mwenyewe! Akamwazima na mfuniko. Kisha akaipandisha sufuria yake mwenyewe vilima vyote vile, imgonge kiuno, akaipeleke kwa mtu mwingine kama zawadi.

"Huenda zinafanana," Kinyozi akanong'ona.

"Kishikio hicho ulikifunga wewe, kwa waya wa spoki."

Kinyozi akakitazama kishikio, akaijua kazi yake. "Hata hivyo, mama. Tulipewa tupeleke. Tukiichukua watasema tumekula mzigo wa mtu."

"Tumekula sufuria yetu?"

"Mtaani hawatajua kuwa ni yetu. Watajua gunia limefunguliwa."

Afisa alikuwa amevua miwani. "Nisikilizeni. Vitu vya watu vinaandikwa, vinalipiwa, na aliyevileta anasubiri hapa mpaka vithaminiwe. Cha mtu mwenyewe kinapita naye. Sufuria hii ya nani?"

"Ya jirani," akasema Kinyozi.

"Yangu," akasema Dobi, maneno yakigongana, na papo hapo simu ikaita mfukoni mwake. Ilikuwa namba ya binti.

"Mama, mko wapi?"

"Mpakani."

"Yameanza."

"Bado siku zako."

"Mwambie yeye, mama." Binti akavuta pumzi, akaishika, akaiachia. "Niko hospitali. Baba mtoto yuko njiani na lori, hafiki leo. Ni kama ile mara. Naona kama ni ile mara."

"Si ile mara," Dobi akasema. "Ile mara sikuwa njiani. Leo niko njiani. Pumua, mwanangu. Nakuja."

Akageuka. "Afisa, sufuria ni yangu. Mwanangu anajifungua."

Afisa alimtazama, vumbi, sketi, suruali ya kiume na yote. "Pita nayo," akasema.

"Na mimi?" Kinyozi akauliza.

"Wewe una cherehani."

"Viache hapa," Dobi akamwambia mumewe. "Viache vyote, twende."

Kinyozi aliangalia viatu, akaangalia cherehani, akakiangalia kibao chake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayenyolewa na mtu mwingine. "Nitarudije mtaani, mama? Nilipokea kwa mikono miwili."

Dobi alimpa nafasi ya kubadili mawazo, nafasi ndefu kuliko aliyostahili. Hakubadili. Lakini akainama, akafungua kila kilichokuwa kwenye baiskeli ya mkewe, akaifunga sufuria vizuri kwenye keria, akabonyeza tairi la nyuma, akalijaza upepo mpaka likawa gumu. Kisha akamkabidhi pampu.

"Chukua," akasema. "Goti langu lingekuchelewesha tu."

*

Bila mizigo ya watu, baiskeli ilikuwa kitu kingine. Dobi alikanyaga kwa nguvu na kwa akili, vyote viwili, na hakukuwa na mtu wa kumsahihisha. Mfuniko uligonga sufuria kila hatua, na watoto wa njiani wakamkimbilia wakidhani anauza kitu.

Jua likiwa utosini alifika mtoni, akakuta mabasi. Ni yaleyale yaliyopita dirisha la kwanza. Yalikuwa yamepanga msururu, injini zimezimwa, abiria wamekaa kwenye majani. Mafuriko yalikuwa yamelitia nyufa daraja, na magari yalikatazwa. Wa miguu na wa baiskeli waliruhusiwa, mmojammoja.

"Mtakaa hapa mpaka lini?" Dobi akamuuliza mama mmoja.

"Wanasema kesho. Labda keshokutwa." Yule mama akaikodolea macho baiskeli. "Hiyo unaiuza?"

Dobi akavuka akisukuma, maji mekundu yakipita chini. Nauli ni moshi, sauti ya mumewe ikasema kichwani mwake, wazi kabisa, kana kwamba yuko nyuma yake na wembe. Akaapa pale pale kwamba hatamwambia habari ya daraja maisha yake yote. Kumwambia mwanamume huyo kwamba alikuwa sahihi, hata kwa bahati mbaya, ni kujitafutia baiskeli ya tatu.

Jua lilikuwa limeshaegemea paa la hospitali alipofika langoni. Mlinzi akamzuia kwa rungu. "Wauza vyombo hawaingii."

"Siuzi. Mwanangu yuko leba."

"Na sufuria?"

"Ni ya mama yangu," Dobi akasema, akaisukuma baiskeli mikononi mwake. "Ilinde. Ikipotea nitalala getini kwako."

Muuguzi wa leba alimwambia kuwa saa za kuona wagonjwa zimepita. Dobi akamjibu kuwa hakuja kuona mgonjwa, na sauti hiyo ikasikika upande wa pili wa pazia. "Mama?" Muuguzi akaitazama mikono ya Dobi, myeusi kwa mafuta ya mnyororo hadi kwenye kiwiko. "Nawa kwanza," akasema, akampisha.

Alinawa, wala haikutoka yote. Binti alimshika mkono huohuo, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Mtoto alikuja kabla taa za nje hazijawashwa, wa kike, analia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa vibaya. Dobi naye akalia, hadharani, mbele ya muuguzi.

"Unanuka grisi," binti akamwambia baadaye, macho ameyafumba.

"Ndiyo manukato ya watalii," Dobi akasema.

*

Kinyozi alifika siku chache baadaye, amewanyoa nusu ya watu wa mpakani ili alipie amana za wenzake, na amezipeleka zote mpaka mlangoni. Kaka wa muuza viatu alisema vinabana. Mpwa wa mwenye nyumba aliitazama cherehani ya mkono, akauliza kama mjomba wake hajasikia kuwa kuna umeme. Hakuna aliyemkaribisha hata maji. Alimpakata mjukuu, kisha akasema, "Lakini si ulifika kwa wakati? Kwa baiskeli?" Dobi akajifanya hakusikia.

Alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya ile sufuria, anapima joto la maji kwa kiwiko, mwana wa Bi Kesho alipobisha hodi. Kijana mpole, amevaa vizuri, simu mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani. Mama yangu anaulizia gunia langu. Yuko hewani."

Kinyozi akageuka kuutazama ukuta. Dobi akafuta mkono mmoja, akapokea simu.

"Shoga!" sauti ya Bi Kesho ikajaa uani. "Hongera ya mjukuu! Mzigo wangu umefika?"

"Umefika, jirani. Salama salmini."

"Mbona mwanangu anasema hajauona?"

"Anauona. Amesimama mbele yake. Walilifungua gunia mpakani, ndiyo sheria yao. Hapa namwogesha mjukuu wangu ndani yake, kama nilivyomwogesha mama yake."

Kijana akaitazama sufuria, kisha akatazama viatu vyake. Kwenye simu Dobi akasikia mtaa wao kwa mbali, pikipiki inapita, mtu anaita mtu. Bi Kesho akakohoa. Mtu mwingine angekata simu. Yeye hakuwa mtu mwingine.

"Basi, shoga," akasema, sauti imeshuka lakini haijazimika, "ukishamaliza kumwogesha, mwanangu utamrudishia lini?"

Dobi akaibana simu begani kwa shavu, akampokea mtoto kwa mikono miwili, akamteremsha taratibu majini.

"Kesho," akasema.